Ugonjwa wa Burkitt: Uvimbe Usiongoja

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijifunza habari za chembe nyeupe za damu, niliuliza maswali mengi kupita kawaida yangu, hata wenzangu wakacheka. Baada ya kipindi Mwalimu wa Bayolojia aliniita akaniuliza sababu. Nikamweleza habari za mdogo wangu. Akasema, "Basi yaandike hayo katika gazeti letu, maana wazazi nao hulisoma." Hiyo ndiyo asili ya makala haya.

Kwetu ni kijijini, wilaya ya Kibondo, nami nasoma hapa Kasulu. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka sita shavu lake la kushoto lilipoanza kuvimba. Hakulia, wala hakukataa ugali na maharage. Bibi alimtazama akasema ni jino, nasi sote tukakubali, kwani ni nani asiyelijua jino bovu? Baba akampeleka kwenye zahanati moja, jino likang'olewa, wakarudi na vidonge. Baada ya wiki moja shavu lilikuwa limezidi maradufu. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema amelogwa, wengine wakashauri achanjwe na kupakwa dawa ya mizizi. Nasikitika kusema kwamba nyumbani maneno hayo yalianza kusikilizwa.

Aliyetuokoa ni mjomba, aliyefika kwetu siku ya mnada. Alimwambia mtoto afungue kinywa, akagusa meno moja moja kwa kidole. Kisha akamgeukia baba: "Shemeji, jino bovu huwa moja. Hapa meno manne yanacheza. Haya mengine yana kosa gani?" Kesho yake walikwenda hospitali. Tabibu alitazama kinywa, akabonyeza tumbo, akaandika barua siku ile ile, akasema wasikae hata wiki. Mama na mtoto wakapanda basi, wakapita Kakonko na Nyakanazi, hata wakafika Mwanza katika hospitali ya rufaa ya Bugando.

Huko walikata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. Jibu lilikuwa saratani ya chembe nyeupe za damu, iitwayo limfoma ya Burkitt.

Jina hilo ni la daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, maana la pili lilipotea kwa ajali utotoni. Lakini jicho hilo moja liliona jambo ambalo wengi walilipita. Mwaka 1957 daktari mwenzake alimwonyesha mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, alipokuwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akapekua majalada ya hospitali, akakuta wako wengi, na aghalabu taya na tumbo vilivimba pamoja. Mwaka 1958 aliandika habari hizo. Waliochunguza nyama za uvimbe huo kwa hadubini wakabainisha kwamba ni limfoma.

Burkitt aliuliza pia: mbona ugonjwa huu uko hapa, na pale haupo? Oktoba 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa Uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu. Kwa muda wa wiki 10 hivi walisafiri maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile. Waliporudi ramani ilisema wazi: karibu na ikweta, ugonjwa huu ni nadra mahali palipo juu ya mita 1,500 hivi, na ni nadra penye ukame. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi, majirani zetu, hazikuwa nao sana. Wasomaji wa hapa yafaa tulitafakari hilo. Baadhi ya vilima vyetu vya Buha hufikia kimo hicho, lakini mabonde yateremkayo kwenda Malagarasi yako chini yake, nayo yana joto, maji na mbu.

Naam, ni mbu. Ramani ya ugonjwa huo ilifanana na ramani ya malaria. Lakini malaria peke yake haitoshi. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtaalamu Anthony Epstein. Huyo akaanza kupelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe zake. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtoto wa kwetu huvipata kwa mate akiwa bado mdogo sana, wala havimdhuru.

Basi, mambo hukutanaje? Kati ya chembe nyeupe wako askari ambao kazi yao ni kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Virusi vya Epstein-Barr hujificha ndani ya askari hao. Malaria inaporudi tena na tena, huwachochea wazaane kwa haraka, na wakati huo huo huwadhoofisha walinzi wanaopaswa kuvizuia virusi. Katika haraka hiyo kosa hutokea: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Jeni iitwayo MYC, ambayo huamrisha chembe kukua, hujikuta mahali ambapo haizimwi. Ni kama kiranja wa zamu apigaye kengele ya kazi usiku na mchana bila kukoma. Kosa hilo ni la bahati mbaya, nalo huwapata watoto wachache sana kati ya wengi walio na virusi na malaria. Hakuna aliyemloga mtoto, wala ugonjwa huu hauambukizi. Asitengwe na wenzake. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, na wavulana kuliko wasichana. Aina nyingine za ugonjwa huo huo huonekana katika nchi zisizo na malaria, na kwa watu wazima wenye VVU.

Sasa tufanye hesabu. Chembe za uvimbe huu huweza kugawanyika kila baada ya siku moja au mbili. Tuseme chembe moja hugawanyika mara moja kwa siku. Siku ya 10 zitakuwa 1,024. Siku ya 20 zitapita milioni 1. Siku ya 30 zitapita milioni 1,000, nao uvimbe utakuwa na ukubwa wa harage. Siku 3 tu baadaye ni maharage 8. Siku 10 baada ya harage la kwanza, uvimbe utakaribia uzito wa kilo 1! Hesabu hiyo ni ya ubaoni, kwa kuwa mwilini chembe nyingi hufa njiani. Chembe zinazosafisha maiti hizo huonekana kwenye hadubini kama madoa meupe, na madaktari huifananisha picha hiyo na anga la usiku lenye nyota. Hata hivyo hesabu yatufundisha kwa nini mdogo wangu aliondoka nyumbani na uvimbe wa ndimu akafika Mwanza na uvimbe wa chungwa.

Jambo la ajabu ni kwamba haraka hiyo hiyo ndiyo udhaifu wa ugonjwa. Dawa za saratani huzishambulia hasa chembe zinazogawanyika. Nazo hapa ni karibu zote. Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, aliona kwamba kisu hakifai. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo maalumu cha ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Dawa alizopewa mdogo wangu zilikuwa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Hii ya mwisho alidungwa pia katika uti wa mgongo, kwa sababu ugonjwa hupenda kujificha kwenye ubongo. Vinkristini asili yake ni mmea wenye maua ya waridi au meupe, unaopandwa hata mbele ya nyumba zetu. Lakini asithubutu mtu kutafuna mmea huo, maana ni sumu, nayo dawa hupimwa kwa kipimo kidogo mno. Kabla ya yote alitiwa maji mengi kwa mshipa na kupewa dawa ya kulinda figo, kwa kuwa chembe nyingi zikifa kwa mara moja takataka zake huweza kuzuia figo kufanya kazi. Nywele zilinyonyoka, akatapika, akatoka vidonda mdomoni. Homa ilipompata aliangaliwa kwa hofu, kwani dawa huua pia chembe nyeupe zilizo njema.

Baada ya dozi ya pili shavu lilikuwa sawasawa kabisa. Baba alipofika alifurahi hata akalia. Fedha zilikuwa zimekwisha na maharage yalikuwa yakipukutika shambani, basi akasema, "Mtoto amepona, twendeni nyumbani." Mama akasita. Muuguzi mmoja akamwambia, "Baba, ukifyeka magugu ukaacha mizizi, umelima? Zimebaki dozi nne." Kitanda cha pili alikuwako mtoto aliyechukuliwa na wazazi wake baada ya dozi mbili, vile vile akiwa na sura nzuri. Alirudishwa baada ya wiki chache akiwa amevimba mashavu yote na tumbo. Hakuishi. Mama alipoona hayo alikataa kuondoka. Baba akarudi peke yake, akauza mbuzi wawili, mjomba akaongeza mmoja.

Mdogo wangu alimaliza dozi zote sita. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi kabla ya mwaka mmoja kwisha. Yeye amepitisha miaka miwili, yuko Darasa la Tatu, na pengo la jino lililong'olewa bure limekwisha kuziba. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 8 katika 10 hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi. Ugonjwa ni mmoja. Kinachotutofautisha, pamoja na upungufu wa hospitali na dawa, ni kuchelewa kufika na kuacha dawa katikati.

Basi wasomaji, naomba tuyashike haya. Kwanza, mtoto akivimba taya, meno kadhaa yakacheza, jicho likatokeza au tumbo likavimba, apelekwe hospitali siku hizo hizo. Pili, uvimbe ukizidi baada ya jino kung'olewa, arudishwe mara moja. Tatu, dozi zimalizwe, hata kama uso umekuwa mzuri. Nne, watoto walale ndani ya chandarua na malaria itibiwe mapema. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa vidonge vya klorokwini ili kuona kama ugonjwa utapungua. Ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo jaribio hilo halikukata shauri. Lakini chandarua hakina hasara.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa mambo mengi ni kweli. Lakini kwa uvimbe huu, baraka yote imo katika haraka.