Usukani Ukiwa Mzito Ghafla Njiani



Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na matuta. Mimi si fundi wa magari. Lakini mazao yetu hayaendi sokoni kwa miguu yake. Yanakwenda kwa gari, na mara nyingi gari hilo ni la zamani. Sisi wenyewe hupanda gari hilo hilo. Kwa hiyo gari likiharibika njiani, jambo hilo linamhusu dereva, linamhusu mkulima, na linawahusu watoto wanaotungoja nyumbani.

Leo tuzungumze juu ya jambo moja tu. Gari linakwenda vizuri, mara usukani unakuwa mzito kama jiwe. Ufanye nini?

YALIYOTUPATA

Siku moja nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mkoani Tanga. Barabara hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 30. Ni ya lami, lakini ni nyembamba na ina kona nyingi sana. Upande mmoja kuna mlima. Upande wa pili kuna bonde.

Tulipanda pikapu ya zamani. Nyuma ilibeba matenga ya nyanya na magunia ya kabichi. Mbele alikaa dereva, mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na mimi.

Tulikuwa tumekwisha kupita Soni. Mara tukasikia kishindo chini ya boneti: paa! Mbele yetu kulikuwa na kona. Dereva akazungusha usukani, lakini usukani ukagoma. Akapiga kelele, "Stelingi imekufa!" Mkono wake mmoja ukaenda kwenye ufunguo. Alitaka kuzima injini.

Nikamwambia kwa sauti, "Usizime, kaka! Shika kwa mikono miwili, vuta!"

Akashika. Akavuta kwa nguvu zake zote. Gari likapinda polepole. Tairi la mbele lilipita hatua moja tu kutoka ukingo wa bonde. Tulipofika penye nafasi, tukasimama. Hakuna aliyesema neno. Mtoto peke yake ndiye aliyelia.

Tulipofungua boneti tuliona mkanda umekatika. Dereva akakiri kwamba mkanda ule ulikuwa na nyufa tangu zamani. Aliziona. Alisema atanunua mkanda mpya baada ya kuuza nyanya. Nyanya zenyewe zilikaa juani mpaka jioni, na nyingi ziliharibika.

MSAIDIZI AMEONDOKA

Ili usiogope, ni lazima ujue jinsi usukani unavyofanya kazi.

Usukani umeunganishwa na magurudumu ya mbele kwa vyuma. Ukizungusha usukani, vyuma huvuta magurudumu. Lakini gari ni zito, hasa likiwa na mzigo. Kwa hiyo magari mengi yamewekewa msaidizi. Madereva humwita pawa stelingi.

Katika magari mengi ya zamani, msaidizi huyo ni mafuta. Injini inazungusha mkanda. Mkanda unazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mipira. Mafuta hayo yanasaidia kusukuma vyuma vya usukani. Ndiyo maana unaweza kukata kona kwa mkono mmoja.

Sasa fikiri juu ya mkokoteni. Wewe unavuta mbele, na kijana wako anasukuma nyuma. Kijana akiacha kusukuma, je, mkokoteni umeharibika? Hapana. Bado unakwenda, na bado unakufuata. Lakini sasa uzito wote ni wako.

Pawa stelingi ni hivyo hivyo. Ikifa, vyuma bado vipo. Gari bado litakufuata, ila litataka nguvu nyingi.

Zamani magari hayakuwa na msaidizi huyu. Mhandisi mmoja wa Marekani, Francis Davis, alionyesha gari lenye pawa stelingi mwaka 1926. Kampuni ya Chrysler ya huko huko Marekani ilianza kuwauzia watu magari madogo yenye chombo hicho mwaka 1951. Kabla ya hapo, madereva wengi walikata kona kwa nguvu za mikono yao tu.

Basi shika neno hili: usukani mzito si usukani uliokufa. Anayeleta maafa ni dereva anayeuachia.

DEREVA AFANYE NINI?

1. Shika usukani kwa mikono miwili. Vuta kwa nguvu, bila kuacha. Usiushtue kwa kuurusha huku na huku.

2. Usizime injini wakati gari linakwenda. Usichomoe ufunguo. Magari mengi yana kufuli ya usukani. Ukichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa. Hapo hata nguvu za watu watatu hazitasaidia.

3. Ondoa mguu kwenye mafuta. Punguza mwendo polepole. Kama ni mteremko, rudi gia ndogo ili injini ilizuie gari. Usitie gari huru. Gari likiwa huru kwenye mteremko, litakukimbia.

4. Punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona. Usingoje mpaka umo ndani ya kona. Lakini ujue kwamba kadiri gari linavyokwenda polepole, ndivyo usukani unavyozidi kuwa mzito. Usishangae.

5. Angalia breki. Kama injini nayo imezimika yenyewe, breki pia zitakuwa ngumu, kwa sababu hata breki zina msaidizi anayetegemea injini. Katika baadhi ya magari ya dizeli ya zamani, mkanda ukikatika, msaidizi wa breki naye huondoka. Kanyaga breki kwa nguvu, na uendelee kukanyaga. Usikanyage na kuachia mara nyingi. Kila ukiachia, unapoteza msaada kidogo uliobaki.

6. Washa taa za hatari zinazomweka pande zote mbili. Piga honi. Toka upande wa kushoto, mbali na njia. Usisimame ndani ya kona, maana wanaokuja nyuma hawatakuona.

7. Gari likisimama, vuta handbreki, zima injini, na uliache kwenye gia. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu. Weka alama ya pembetatu mbali kidogo nyuma ya gari. Kama huna, weka matawi. Ukiondoka, ondoa mawe na matawi hayo. Jiwe lililoachwa barabarani linaweza kumwua mwenzako usiku.

ABIRIA AFANYE NINI?

Abiria, usipige mayowe. Usimshike dereva mkono. Usinyakue usukani. Usiruke gari likiwa linakwenda. Wengi huumia kwa kuruka, na gari lenyewe likasimama salama.

Kama dereva amepotewa na akili kwa hofu, mwambie maneno machache: "Shika kwa nguvu. Usizime." Gari likisimama, teremka. Kaa mbali na barabara. Usikae mbele wala nyuma ya gari.

TAFUTA SABABU

Sasa gari limesimama. Ngoja injini ipoe, kisha chunguza. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ni ya moto. Maji yatakurukia na kukuunguza.

Kwanza, tazama matairi ya mbele. Huenda pawa stelingi ni nzima, ila tairi limeisha upepo. Tairi lisilo na upepo hufanya usukani kuwa mzito, na gari huvuta upande mmoja.

Pili, tazama mkanda. Umekatika? Umetoka? Umelegea? Mkanda uliolegea huteleza na kupiga kelele. Katika magari mengine, mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji ya rejeta na chombo cha kuchaji betri. Mkanda wa namna hiyo ukikatika, taa ya betri huwaka, na injini hupata moto haraka. Usiendelee na safari. Utaiua injini.

Tatu, tazama kopo la mafuta ya pawa stelingi. Mara nyingi lina alama mbili, ya chini na ya juu. Mafuta yakiwa chini ya alama ya chini, yamepungua. Yakiwa na povu, hewa imeingia.

Nne, chungulia chini ya gari na pitisha macho kwenye mipira. Ukiona mafuta yanadondoka, mpira umepasuka au umelegea. Usiwashe injini tena kama mafuta yanadondokea bomba la moshi. Bomba hilo ni la moto, na mafuta yanaweza kuwaka.

Kuhusu mafuta, tahadhari. Usitie mafuta ya breki. Yanaharibu mipira ya ndani. Usitie mafuta ya kupikia, mafuta ya taa wala maji. Magari mengi ya zamani hutumia mafuta mekundu, yale yale ya gia za otomatiki. Lakini si magari yote. Soma maandishi juu ya mfuniko, au kitabu cha gari. Hiyo ni faida moja ya kujua kusoma, ndugu yangu. Usitie kitu kwa kusikia tu.

USUKANI MZITO NA USUKANI ULIOLEGEA

Hapa nakuomba usome polepole. Kuna matatizo mawili, na hayafanani.

La kwanza ni usukani mzito, lakini magurudumu yanafuata. Hili tumelieleza.

La pili ni usukani unaozunguka bure. Unauzungusha, lakini magurudumu hayafuati. Au unasikia vyuma vinagonga kila ukikata kona. Maana yake vyuma vyenyewe vimekwisha au vimeachana. Gari la namna hiyo lisisogee hata hatua moja. Fundi aje pale lilipo, au livutwe kwa gari maalumu linaloinua magurudumu ya mbele.

Na lile lenye usukani mzito? Kama mkanda uliokatika ni wa pawa stelingi peke yake, breki ni nzima, na injini haipati moto, dereva mwenye nguvu anaweza kulipeleka polepole kwa fundi wa karibu. Lakini kwanza ashushe abiria na mzigo. Kama ni mteremko wenye kona nyingi, asijaribu. Na kama mafuta yamekwisha lakini mkanda bado unazungusha pampu, pampu itajisaga na kufa. Kutengeneza pampu ni ghali kuliko kungoja.

KINGA NI BORA

Gari la zamani linapenda kuzungumza kabla ya kufa. Ukikata kona na kusikia mlio kama wa mbu mkubwa, hiyo ni pampu inalalamika. Ukiona doa la mafuta mahali gari lilipolala, huo ni mpira unalalamika. Ukiona usukani ni mwepesi leo na mzito kesho, mkanda unalalamika.

Kila juma, kabla ya kuwasha injini, fanya haya. Tazama mafuta kwenye kopo. Pinda mkanda kidogo utazame nyufa upande wa ndani. Shika mipira uone kama imelowa. Pima upepo wa matairi. Kazi hii haizidi dakika 10.

Tena, ukikata kona mpaka mwisho, usishikilie usukani pale. Urudishe kidogo. Ukiushikilia pale mwisho, mafuta hupata moto sana na pampu huumia.

Wewe mkulima usiye na gari pia una kazi. Kabla ya kupakia magunia yako, muulize dereva: "Mkanda ukoje? Mafuta ya stelingi umeyatazama?" Usione haya. Mzigo ni wako, na roho ni yako. Kama wanakijiji mnakodi gari moja kila siku ya soko, kubalianeni na mwenye gari kwamba mkanda mzuri wa akiba utakaa ndani ya gari daima.

Yule dereva wetu alinunua mkanda wiki ile ile. Alinunua miwili. Mmoja aliufunga, wa pili aliuweka nyuma ya kiti. Wakubwa walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tulikuwa karibu kuchimbiwa makaburi kwa ajili ya nyufa za mkanda mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NA WENZAKO

1. Kwa nini usizime injini wakati gari linakwenda?

2. Kuna tofauti gani kati ya usukani mzito na usukani unaozunguka bure?

3. Gari linalobeba mazao ya kijiji chenu lina mkanda wa akiba? Nani atauliza?