Mboka ya Kutesti

Wasee wengi mtaani wakiskia programu huria wanaona ni mambo ya wale majiniasi hukesha wakiandikia kompyuta kwa lugha yake. Ndio maana hata hawajaribu. Buda, kuna njia ingine ya kuingia, na haitaki ujue hiyo lugha hata kidogo: kutesti.

Cheki LibreOffice, ile msee hutumia kuchapa CV na kupiga hesabu za chama bila kununua leseni. Ilizaliwa 2010, mbogi fulani ikitoka kwa OpenOffice.org, na shirika lenye linaisimamia, The Document Foundation, liko Berlin. Toleo jipya hutokanga Februari na Agosti. Kabla litoke, wanaachilia beta, yaani toleo la majaribio, ndio watu waisumbue mpaka ioneshe penye inauma. Hiyo beta hukaa kando na ile yako ya kawaida, kwa hivyo kazi zako ziko fiti. Chunga tu zile za RC (release candidate) zenye hukuja baadaye, hizo hukalia kiti ya ile unatumianga. Na ni mzigo, ile ya Windows ni zaidi ya MB 300, itoe kwa waifai.

Hapa ndio vijana wetu wako na nguvu yenye hawaioni. Lapi yako ni ex-UK, RAM ni 4, faili imetumwa WhatsApp na inaenda kuchapishwa kwa printa nzee ya cyber. Msee ameunda hiyo programu kwa mashine mpya atajuaje venye inaleta ngori hapo kwako? Lazima umshow.

Na ukimshow, mshow vizuri. "Imekataa" haisaidii mtu. Andika: nimefungua faili ya docx, nikaweka jedwali, nikasevu, nikafunga, nikafungua tena, mistari imepotea. Alafu sema ulitarajia nini, toleo lako ni gani, na kama uko Windows ama Linux. Tafuta kwanza kama kuna msee alisharipoti hiyo kitu. Faili ya mfano iweke, lakini tengeneza ya kubuni, juu kwa Bugzilla yao, ile tovuti ya kuweka ripoti, kila mtu anaona. Namba ya ID na mshahara wa mtu visionekane huko. Kizungu ya shule inatosha kabisa.

Lakini mahali ningemtuma mgeni kwanza ni kwa ripoti za wengine. Kila ripoti mpya hungoja pale ikiwa haijathibitishwa, mpaka msee mwingine arudie hatua zile zile aone kama ngori inatokea. Zingine hukaa sana juu hakuna mtu amejaribu. Ukijaribu kwako ikatokea, sema, na utaje toleo lako. Isipotokea, sema pia, hiyo ni jibu. Hapo umeokolea msanidi masaa yake, na yeye ndio anarekebisha.

Ganji ya haraka haiko, nisikudanganye. Lakini kila kitu umeandika inabaki na jina yako, na msee wa kukuajiri anaweza isoma mwenyewe aone venye unafikiria. Kwangu hiyo inashinda cheti.

Kwa hivyo usingoje ujue kila kitu. Leo jioni, fungua akaunti kwa hiyo Bugzilla, chagua ripoti moja yenye haijathibitishwa, ijaribu kwa lapi yako, alafu andika kile umeona.