Keja Si ya Dizaina

Majirani wawili wanabadilishana funguo. Wewe unaingia kwake, yeye anaingia kwako, kila mmoja na dizaina wake, na kwa siku mbili hakuna kurudi kwako hata kuchungulia. BBC ndo ilianzisha hiyo form Uingereza, 1996, na shoo inaitwa Changing Rooms. Bajeti ya kila chumba ilikuwa pauni 500. Wamarekani wakaidandia 2000, TLC ikaiita Trading Spaces na ikaweka dola 1,000. Na hapo ndo ngori ilianzia. Ganji ni kidogo, masaa ni kidogo, na mwenye keja hana usemi hadi ile dakika ya mwisho anaambiwa afungue macho, kamera iko usoni.

Wasee walicheki Trading Spaces venye Nairobi hucheki mechi ya Gor na Ingwe. Ilikuwa lazima uchague upande wa dizaina wako. Kulikuwa na mbogi ya Vern Yip, juu kazi yake ilikuwa safi na hakuna kitu imekaa mrama. Kulikuwa na mbogi ya Genevieve Gorder, mresh alikuwa anapenda kupiga kazi miguu tupu. Frank Bielec, buda wa Texas mwenye ndevu nyeupe na stori tamu, alipendwa na kila mathe. Halafu kulikuwa na mbogi kubwa kushinda zote, na hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kumchukia Hildi Santo-Tomas.

Na si ati walimchukia bure. Hildi alichukua majani makavu, ile kitu unalalishia ng'ombe, akaibandika kwa ukuta ya sitingi ya wenyewe na gundi. Hebu jiwekee hiyo picha pole pole. Mkono umejaa gundi, umeshika ngumi moja ya majani, unabonyeza hadi ishike, unarudi kwa gunia kuchukua ingine. Na wenye wanafanya hiyo kazi ni majirani za mwenye keja, wale mabeshte zake, wanaangaliana kila saa na macho inauliza kama huyu dem ako sawa. Vumbi imejaa hewani. Hizo majani zinachoma ukizigusa, zinanuka zizi, na zikianza kuanguka zitaanguka kila siku. Ingine ilikuwa bafu. Ukuta mzima alipigilia maua ya kitambaa na stepla, maelfu ya maua, kwa chumba yenye mvuke ya maji moto hujaa kila asubuhi. Kuna sitingi alimwagia mchanga wa bichi chini. Kuna ingine alifunga fanicha kwa dari, ikining'inia kichwa chini, hadi ukiingia unafikiria ni wewe umepinduka.

Sasa ukiskiza watu wakibonga kuhusu Hildi, wengi hutaja tu kitu moja: ni mbaya. Chumba ni mbaya, rangi ni mbaya, akili yake ni mbaya. Mi hiyo sikubaliani nayo, juu inamsamehea mahali penye hafai kusamehewa, na inamlaumu mahali penye alikuwa sawa. Msee wa kubuni vitu lazima ajaribu kitu hakuna mtu amewahi jaribu. Kama Hildi angepewa mkahawa ama studio apige hiyo ukuta ya maua, watu wangepanga foleni kupigwa picha hapo, na sai tungekuwa tunasema aliona mbele. Ukweli ni kwamba ukuta ya maua imejaa kwa saluni na mahali pa harusi kila kona ya dunia, Nairobi ikiwemo. Jicho alikuwa nalo, hiyo lazima apewe.

Shida ni wapi aliiweka na ni nani alibaki nayo. Wasee wa kamera wanafunga waya, gari linang'oa, na ile familia inabaki na ukuta ya gundi. Ni nani ataitoa? Na spachula gani? Ikitoka, plasta inatoka nayo? Kama kuna katoto kanatambaa, kila kitu imeanguka chini ni ya kuingia mdomoni. Hizo ndo maswali watu walifaa kumuuliza, na hapo ndo hasira ya kweli ilikuwa inatoka, hata kama mdomo ulikuwa unasema tu "mbaya".

Hii shida inaonekana poa ukicheki stori ya Doug Wilson, dizaina mwingine wa Trading Spaces, na ile faya plesi, yenye kila mtu amewahi kuona hiyo shoo anaikumbuka. Mwenye keja alikuwa amesema wazi kabla aondoke: fanya chenye unataka, lakini hiyo sehemu ya moto ya matofali usiguse. Doug akaifunika na mbao. Yote. Wakati wa kufungua macho, yule mama akaangalia, akajikaza, akatoka chumbani. Lakini maikrofoni bado ilikuwa imefungwa kwa nguo yake. Kamera imebaki kwa bwana yake amesimama tu hapo hajui aweke mikono wapi, na kwa upande unaskia mtu analia, anashindwa kupumua. Hakuna muziki ungefunika hiyo sauti.

Kuna watu walimtetea Doug, na wanamtetea hadi wa leo. Wanasema matofali hayakuharibika, alijenga tu mbao juu yake, unaweza ng'oa wikendi moja ukarudishiwa chako. Tena wanasema ukiangalia ile chumba bila kujua stori, imependeza. Na hapo wako sawa, ilipendeza! Ndo maana hiyo stori ni muhimu kushinda majani ya Hildi. Chumba ilitoka fiti na bado mwenyewe alilia, juu aliambia mtu kitu moja tu na huyo mtu hakuskia. Huwezi toa hiyo na msumari na nyundo.

Na kuna jambo hapa wapenzi wa hii shoo hawapendi kuambiwa. Doug alikuwa na kichwa ngumu kama Hildi. Alibishana na wenye alikuwa anafanya kazi nao, aliringa, alifanya yake. Lakini Doug aliitwa msee wa kiburi, mtundu, na wengi wakasema na tabasamu. Hildi akaitwa mchizi. Nguo zake zikajadiliwa, sauti yake ikajadiliwa, venye alikuwa anatembea na viatu vya juu kwa mbao na misumari ikajadiliwa. Kosa ni ile ile, lakini mwanaume akapewa jina ya bazenga na mwanamke akapewa jina ya mgonjwa. Kama unataka kumchapa Hildi juu ya gundi, mchape juu ya gundi, na mwanaume mwenye alifunika matofali achapwe na fimbo ile ile.

Upande wa pili wa maji stori zilikuwa zile zile. Kwa Changing Rooms, Linda Barker alibuni rafu za kuning'inia kutoka kwa dari, na juu yake wakapanga mkusanyiko wa birika za kizamani za mwenye nyumba. Rafu zikaanguka. Birika za thamani ya karibu pauni 6,000 zikavunjika, kwa shoo yenye bajeti ya chumba ni pauni 500. Waingereza bado wanaibonga hiyo stori miaka zaidi ya ishirini baadaye. Wakati huo huo dizaina mwenzake Laurence Llewelyn-Bowen, na mashati yake ya mikono mipana na nywele ndefu, alikuwa anapakia watu rangi za zambarau na dhahabu kwa vyumba vya kulala, na wengine wakachukia kabisa. Lakini Laurence alijua kubonga. Mwenye keja akiwaka, yeye anasimama hapo hapo anaskiza kelele yote. Nadhani hiyo ndo ilimweka kwa mioyo ya watu, hadi Channel 4 iliporudisha shoo 2021 yeye alikuwa bado ndani.

Tukirudi Trading Spaces, Vern Yip ndo jibu langu kwa wale husema ati bila drama hakuna shoo. Alizaliwa Hong Kong, akakulia Marekani, akasomea usanifu wa majengo Georgia Tech, na ilionekana. Alikuwa anapima kabla akate. Alikuwa anajua taa itaning'inia wapi, kitambaa kitashonwa aje, na shilingi ya mwisho ya bajeti itaenda wapi. Watu walilia kwa vyumba vya Vern pia, lakini wakimkumbatia jirani yao. Kuna wenye walisema anaboo, ati kila chumba yake inafanana, mstari hapa mstari pale, mishumaa mbili huku na mbili kule. Sawa, siwezi kataa hiyo yote. Lakini ukicheki vizuri unaona alikuwa anajiuliza kitu moja wengine hawakuwa wanajiuliza: Jumatatu asubuhi hawa watu wataishi hapa aje?

Hata feni za dari zilikuwa vita. Dizaina wengi hawakuzipenda, ati zinaharibu luku ya chumba, na wenye keja wengi walikuwa wanaomba ziachwe. Ukiishi Texas ama Florida, mahali jua linawaka kinoma, feni ndo inakufanya ulale. Dizaina anaitoa, anaweka taa ya kupendeza, analala hoteli. Hiyo ni kitu ndogo kwa tivii, lakini kwa mtu analala hapo na joto yote, ni kitu kubwa.

Sisi wa Umoja, Pipeline, Githurai, sisi wa keja za kukodi, tunaelewa hii maneno kushinda venye mtu angefikiria. Unahamia, lando amepaka krimu, amekuambia usipige msumari. Ukitaka kupaka rangi yako unapaka ukijua deposit itaishia hapo siku ya kuhama. Ndo maana vitu zetu ni za kutoka: kapeti, pazia, taa za kubandika, wolpepa ya kubambua, stika. Mtu akikuambia chagua rangi ya ukuta yako mwenyewe, hiyo si kitu ya mchezo. Wale Wamarekani wa Trading Spaces wengi walikuwa na nyumba zao, na mogeji ya kulipa miaka hadi thelathini, na ile ukuta ilikuwa mahali pekee duniani wangeamua bila kuuliza mtu. Wakaipeana kwa kamera kwa siku mbili. Najua wengine watasema walijitakia, walisaini makaratasi, walijua Hildi anaweza tokea. Ni kweli walisaini. Lakini kukubali kushangazwa na kukubali kupuuzwa si kitu moja.

Na sisi wenye tulikuwa tunacheki hatuko safi. Tulikuwa tunatukana Hildi na bado tunangoja siku yake. TLC iliona hiyo, na ikaendelea kumtuma kwa nyumba za watu. Chozi la yule mama wa faya plesi limerudiwa kwa tivii mara mingi. Fundi wa shoo, Ty Pennington, alipohamia ABC 2003 kufanya Extreme Makeover: Home Edition, chozi likawa ndo shoo yenyewe, safari hii la furaha, na nyumba ikawa kubwa hadi familia zingine zikashindwa kulipia bili za stima na ushuru wa nyumba. Hapo pia hakuna mwenye aliuliza kuhusu Jumatatu asubuhi.

Trading Spaces ilirudi 2018, bajeti ikapanda hadi dola 2,000, Paige Davis akarudi kuiongoza, na Hildi, Doug, Vern, Genevieve na Frank wote wakaonekana tena. Watu walirudi kwa mbogi zao kama hakuna siku imepita. Frank aliaga 2020, na venye watu walimwomboleza ilikuonyesha walikuwa wanapenda nini kwa dizaina: buda mwenye anaingia kwako, anacheka na wewe, anapaka kuku na maua kwa kabati na hajifanyi mkubwa kukuliko.

Kwa hivyo kwa ule mchezo wa kila shabiki, wa ungempea nani keja yako, mi nimeshachagua. Genevieve angepewa ghorofa ya vijana, wale hawajali ukiweka kuvumwani ya kijani kwa ukuta ya chumba cha kulala, na kweli aliwahi kuiweka. Hildi ningempea kinyozi ya mtaa, yote, dari na ukuta na chini, na mdosi wa kinyozi akiwa amekubali kwa mdomo wake. Vern angechukua bedsita yangu, juu hapo hakuna inchi ya kuchezea. Doug singempea kitu hadi aniambie kwanza, kwa maneno yake, chenye nimemwambia asiguse. Na sitingi ya mathe, na vile vitambaa vyote kwa kochi, ingeenda kwa Frank, juu naamini angeuliza ni nani alivishona kabla hajavitoa.