Je, Wajua? Mhariri aliyeandikiana na marehemu

Je, wajua kwamba W. T. Stead, mhariri wa gazeti la Pall Mall Gazette la London, alifungwa miezi 3 kwa kumnunua msichana wa miaka 13? Alifanya hivyo mwaka 1885 ili kuthibitisha kwamba biashara ya kuuza wasichana kwa ajili ya ngono ipo. Bunge la Uingereza likapandisha umri wa kuridhia ngono kutoka miaka 13 hadi 16.

Mtu huyo huyo, asiyekubali habari bila ushahidi, baadaye aliacha mkono wake uandike wenyewe. Alisema anayeuongoza ni Julia Ames, mwandishi Mmarekani aliyefariki mwaka 1891. Kuanzia 1893 hadi 1897 alichapisha jarida zima la mambo ya mizimu, Borderland. Wenzake walimcheka, na si ajabu.

Ni Stead pia aliyempa mwanaharakati Annie Besant, mwaka 1889, kitabu cha Helena Blavatsky akifanyie uhakiki. Besant alikuwa hamwamini Mungu. Alipokimaliza alijiunga na Theosofia, harakati ya kiroho ya Blavatsky, na mwaka 1907 akawa rais wa chama cha Theosofia duniani.

Wadatoga wa Hanang, Tanzania, hawahitaji jarida ili kubaki na uhusiano na wafu wao. Mzee mwenye heshima akifariki, kaburi lake hujengewa kilima cha miti na udongo, bung'eda, kwa sherehe za miezi kadhaa. Shughuli hiyo ni ya ukoo mzima na majirani; ya Stead ilikuwa ya mtu mmoja na kalamu yake.

Stead alikufa kwenye Titanic, Aprili 1912.