Mvinyo wa mapovu na kuku wa kienyeji: Chagua kwa akili, si kwa bei

MGENI njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini siku hizi katika miji ya Kitale na Bungoma, mwenyeji huenda asipone iwapo hajui ni chupa gani inayofaa kuwekwa mezani pake. Ifikapo Desemba, jamaa hurejea nyumbani kutoka Nairobi, Eldoret na Mombasa. Ni vivyo hivyo mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambapo Wabukusu hutahiri wavulana wao. Miongoni mwa mizigo yao haikosi chupa nzito yenye kizibo kilichofungwa kwa waya. Ndani yake mna mvinyo mwekundu unaotoa mapovu.

Chupa hiyo hufunguliwa kwa mlio mkubwa, vijana wakapiga makofi, mama mkwe akashtuka. Wazee huonja kidogo, wakakunja uso na kuiweka glasi chini. Basi kitu kilichonunuliwa kwa pesa ambazo zingetosha kuku wa kienyeji hubakia nusu, na kesho yake humwagwa. Aliyekileta huona kwamba wazee ni washamba, nao wazee huona kwamba kijana wao ametupa mali. Uhusiano wa kifamilia huingia doa kwa jambo ambalo lingeepukika.

Ukweli ni kwamba mara nyingi tatizo si mvinyo wala si wazee. Tatizo ni kwamba mvinyo uliochaguliwa haukupatana na chakula kilichokuwa mezani, au uliletwa ukiwa na joto la gari lililosafiri mchana kutwa.

Mapovu si mageni kwetu

Msomaji asidhani kwamba kinywaji chenye mapovu kililetwa na wageni. Busaa, ambayo Wabukusu huiita kamalwa, ni kinywaji cha mapovu tangu jadi. Unga wa mahindi hulowekwa kwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati kwenye moto, halafu ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Mchanganyiko huo huchacha tena, nao huchemka wenyewe bila moto. Wazee waliozunguka chungu na kufyonza kwa mirija mirefu walikuwa wakinywa kitu kikali kidogo, chachu, chenye gesi na kilichopashwa moto.

Ndiyo maana mzee aliyezoea uchachu wa busaa hushangaa anapomiminiwa kitu kitamu kama sharubati. Mzee huyo huyo akipewa mvinyo wa mapovu ulio mkavu, yaani usio na sukari nyingi, yamkini atauelewa upesi kuliko mjukuu wake aliyelelewa kwa soda.

Mapovu na wekundu hutoka wapi?

Kanuni ni moja kwa busaa na kwa mvinyo. Hamira hula sukari, ikatoa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ikiwa chombo ki wazi, gesi hutoroka. Ikiwa kimefungwa, gesi hunaswa ndani ya kinywaji na kungoja siku ya kufunguliwa.

Kuna njia tatu za kuinasa. Ya kwanza ni kuuchachua mvinyo mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kama wafanyavyo watu wa Champagne nchini Ufaransa. Ni kazi ya muda mrefu, na hiyo ni sababu moja ya bei yake kuwa ghali. Njia ya pili ni kuuchachua ndani ya tangi kubwa lililofungwa. Mwitaliano Federico Martinotti aliisajili njia hiyo mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Mivinyo mingi myekundu ya mapovu hutengenezwa hivyo. Njia ya tatu ni kupuliza gesi ndani ya mvinyo kama ifanywavyo soda. Huo huwa wa bei nafuu, lakini mapovu yake ni makubwa na hufa upesi kwenye glasi.

Kuhusu rangi, maji ya zabibu nyingi nyekundu huwa karibu meupe. Wekundu hutoka kwenye maganda, ambayo huachwa yakae pamoja na maji hayo. Maganda hayo pia hutoa ukakasi, ile hali ya kukausha ulimi unayoihisi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana na majani. Ukakasi huo ndio unaoutofautisha mvinyo mwekundu wa mapovu na ule mweupe, na ndio unaoamua ni chakula gani kitakachoafikiana nao.

Zijue aina zake

Ingawa zabibu hulimwa Naivasha na pia Dodoma nchini Tanzania, mivinyo myekundu ya mapovu inayojulikana zaidi duniani hutoka mbali.

Maarufu kuliko yote ni Lambrusco, kutoka jimbo la Emilia-Romagna nchini Italia, karibu na miji ya Modena, Reggio Emilia na Parma. Huko ni kwa wafugaji wa nguruwe na watengenezaji wa jibini, na mvinyo wao umezoea mafuta. Lambrusco di Sorbara ni mwepesi, una rangi hafifu na uchachu mwingi. Lambrusco Grasparossa ni mweusi zaidi na una ukakasi. Mapovu ya Lambrusco mara nyingi huwa ya upole.

Wa pili ni Brachetto d'Acqui, kutoka jimbo la Piemonte, Italia vile vile. Huu ni mtamu, unanukia waridi na stroberi, na kileo chake ni kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 7.

Waaustralia nao wana Shiraz ya mapovu, mzito na mweusi, ambao asili yake ni mwishoni mwa karne ya 19. Wao huunywa Krismasi pamoja na bata mzinga wa kuoka, jambo ambalo mkaazi wa Kitale aliye na bata zizini angelielewa mara moja.

Kwa jirani zetu wa Afrika Kusini kuna La Chanson ya kampuni ya J.C. Le Roux, ambayo ni nyekundu na tamu. Mnunuzi wa Kenya huenda akakutana na hiyo kwanza kabla ya zile za Italia.

Soma kibandiko kabla ya kulipa

Watu wengi huchagua chupa kwa urembo wake. Heri utazame maneno. Kwa Lambrusco, neno secco maana yake ni mkavu, amabile ni mtamu kiasi, na dolce ni mtamu hasa. Neno frizzante lina maana kwamba mapovu ni machache, na spumante kwamba ni mengi.

Kwa chupa nyingine kuna mtego. Neno brut lina maana kwamba sukari haizidi gramu 12 kwa lita. Lakini neno sec au dry, ambalo wengi huliona kuwa "mkavu", kwa mvinyo wa mapovu kutoka Ulaya lina maana ya gramu 17 hadi 32. Demi-sec ni gramu 32 hadi 50, na doux ni zaidi ya 50. Kwa hiyo anayeogopa sukari atafute brut, asidanganywe na neno dry.

Tazama pia asilimia ya kileo, na uhakikishe chupa ina stempu ya ushuru. Halmashauri ya Ushuru ya Kenya, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo huikagua stempu hiyo. Pombe bandia imewapofusha na kuwaua watu nchini, kwa hivyo bei iliyo rahisi kupita kiasi isikufurahishe.

Aidha, usinunue mvinyo wa namna hii ili kuuhifadhi miaka na mikaka. Mingi hunywewa ingali michanga.

Chakula gani na mvinyo gani?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kumbuka kanuni nne tu. Uchachu na mapovu hukata mafuta. Ukakasi hupenda nyama lakini hugombana na samaki na vitu vichungu. Kileo huzidisha ukali wa pilipili. Nacho kinywaji sharti kiwe kitamu kuliko kitindamlo, la sivyo kitaonekana kama siki.

Sasa tuzipeleke kanuni hizo jikoni. Kuku wa kienyeji aliyenunuliwa sokoni Chwele, akachomwa manyoya kwa moto na kupikwa taratibu kwa mchuzi wake, ana mafuta ya manjano na harufu ya moshi. Huyo ataafikiana vyema na Lambrusco iliyo kavu, hasa akiliwa kwa ugali wa wimbi, ambao una ladha ya udongo inayoipenda Grasparossa. Kuku aliyekaushwa kwa moshi ndiye bora zaidi. Vivyo hivyo kwa uyoga uliopikwa kwa simsim.

Nyama choma, mutura na nyama ya nguruwe zinahitaji mvinyo wenye nguvu, kama Grasparossa au Shiraz ya mapovu. Lakini kama kachumbari ina pilipili nyingi, chagua mtamu kiasi wenye kileo kidogo, la sivyo midomo itawaka moto.

Samaki wa kukaanga kutoka Ziwa Viktoria ni mtihani. Mvinyo wenye ukakasi huacha ladha ya chuma mdomoni. Ukilazimika, tumia Sorbara, na umkamulie samaki ndimu.

Mboga za kienyeji zilizo chungu, kama managu na saga, huufanya mvinyo wenye ukakasi uzidi kuwa mchungu. Mboga hizo zikikolezwa kwa maziwa au simsim, uchungu hupungua, na mvinyo ulio mtamu kiasi huweza kusimama nazo. Mrenda uliotiwa munyu wa jivu hauna rafiki katika chupa. Uleni kwa raha zenu na maji. Nayo maziwa lala au mursik, ambayo hayakosi katika nyumba nyingi za Kitale, yana uchachu wake. Yakikutana na mvinyo mwekundu kinywani, vyote viwili huharibika. Vitengeni kwa saa moja au zaidi.

Keki ya harusi na matunda yanataka Brachetto au La Chanson. Mkimpa mgeni wenu mvinyo mkavu pamoja na keki, msishangae akikunja uso.

Ubaridi na ufunguzi

Bungoma kuna joto kuliko Kitale, ambako usiku huwa na baridi kali. Hata hivyo, kote kuwili chupa ihitaji ubaridi. Mtamu unywewe ukiwa nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, na mkavu nyuzi 10 hadi 13. Ukiwa na joto, mapovu hutoroka yote kwa pamoja. Ukiwa baridi kupita kiasi, ukakasi huzidi. Asiye na jokofu aitumbukize chupa kwenye ndoo ya maji na barafu kwa nusu saa. Chupa iliyotikiswa na matatu kutoka Nairobi ilazwe kwanza hadi siku ya pili.

Shinikizo ndani ya chupa yenye mapovu mengi laweza kuwa mara mbili ya lile la gurudumu la gari. Kizibo kinachoruka kimewaumiza wengi macho. Basi weka kidole gumba juu ya kizibo unapolegeza waya, uielekeze chupa pasipo na mtu, uinamishe kidogo, halafu uzungushe chupa huku umeshika kizibo imara. Mlio uwe kama pumzi tu, si bunduki.

Hesabu na tahadhari

Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Kama ni ya kutakiana heri tu, nusu glasi yatosha, na chupa itahudumia watu kumi. Kwa wageni 60 wanaokunywa, chupa sita zinatosha. Pesa zitakazosalia zikanunue chakula, maana hakuna mgeni aliyelalamika kwamba nyama ilizidi.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe yeyote aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wetu wapewe juisi ya zabibu nyekundu yenye gesi, katika glasi zile zile, ili wasijihisi wametengwa. Mama mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa, hususan za kifua kikuu au metronidazole, aulize daktari wake kwanza. Dereva anayerudi Webuye au Kapenguria usiku naye abaki na chai. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, kwa hivyo asiyekunywa asishurutishwe wala kudhihakiwa.

Mwisho, msiiweke chupa mbele ya chungu kana kwamba vinashindana. Mueleze mzee kwamba huu nao ni mvinyo uliochachushwa kwa hamira kama kamalwa, ila wao hutumia zabibu. Mpe ule mkavu, mpe na paja la kuku, kisha mpe nafasi ya kusema anauonaje. Haba na haba hujaza kibaba, na glasi ndogo iliyotolewa kwa heshima humridhisha mzee kuliko chupa kubwa iliyotolewa kwa majivuno.