Saintpaulia: Tuhesabu Majabali, Si Majina

Ua la chungu linalouzwa Ulaya na Marekani kwa jina la urujuani wa Afrika limeenea mno kwenye madirisha ya huko, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba asili yake ni Tanga. Wala si urujuani: urujuani wa kweli una familia yake, na mmea huu ni wa familia ya Gesneriaceae. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani upande wa Usambara, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hanover, akauandikia maelezo ya kitaalamu na kuuita Saintpaulia ionantha. Kwa zaidi ya miaka mia moja tangu hapo, wanabotania wamebishana kuhusu idadi ya spishi za Saintpaulia. Mabishano hayo yana faida yake, lakini yamewafanya watunga sera waangalie upande usio wenyewe. Anayetaka kuuhifadhi mmea huu porini ahesabu majabali unakoota. Idadi ya majina itamdanganya.

Hoja hii inaanzia kwenye umbile la mmea. Saintpaulia ni mmea mdogo, laini, ambao majani yake hujipanga kwa duara kuzunguka kitovu kimoja au, kwa baadhi yake, hufuata shina legelege linalotambaa juu ya mwamba. Jani lina kikonyo kirefu na nyama ya kutosha, na limefunikwa na vinyweleo, vingine virefu vilivyosimama wima, vingine vifupi vilivyolala. Ua lina petali tano zilizoungana shinani, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini. Rangi yake ni ya zambarau au buluu, na katikati vinachomoza vifuko viwili vya chavua vya manjano yaliyokolea. Kijiti cha kike kinachopokea chavua hakisimami katikati bali huinama pembeni, kulia katika ua moja, kushoto katika jingine. Ua halina nekta ya kumpa mgeni. Anayelifuata hufuata chavua tu, na vifuko havifunguki ovyo: nyuki wapweke wa msituni huvishika, kisha hutetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali wa mizingani hana ufundi huo. Baada ya hapo hutokea tunda dogo kavu, lenye mbegu ndogo kama vumbi, ambazo nyingi huishia kwenye ufa wa jirani. Mmea wa namna hii hausafiri mbali kwa urahisi, na kila jabali hukaa na ukoo wake.

Ramani yake inalithibitisha hilo. Porini Saintpaulia hupatikana Tanzania na Kenya tu, hasa kwenye Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kupitia Usambara na Nguru hadi Uluguru, pamoja na miamba michache ya chokaa karibu na pwani, huko Tanga na Kilifi. Unaanzia karibu na usawa wa bahari na kupanda hadi kiasi cha mita 2,000. Ukiitazama ramani hiyo kwa juu juu utadhani eneo ni kubwa. Lakini ndani ya mlima mmoja mmea huota hapa na kukosekana pale: kwenye genge lenye kivuli, kando ya kijito, kwenye ufa wenye kiganja cha udongo. Jua kali huunguza majani yake, na mizizi yake mifupi haiwezi kufuata maji chini. Unyevu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi huufikia kwa sababu miti ya juu huuzuia usikauke. Miti ikikatwa, mwamba unabaki palepale na mmea unakufa.

Sasa tuje kwenye majina. Mwingereza B. L. Burtt, aliyefanya kazi zake kwa miaka mingi Edinburgh, ndiye aliyezipa majina spishi nyingi, na kufikia miaka ya 1960 orodha ilikuwa na takriban ishirini. Alitegemea sana vile vinyweleo. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 uliitikisa orodha hiyo: mimea ya Usambara ilionekana kukaribiana mno, huku ya Uluguru ikionyesha dalili za ukale zaidi. Mwaka 2006 Ian Darbyshire, katika kazi yake kuhusu mimea ya Afrika Mashariki, aliipunguza orodha ikawa chini ya kumi, na nyingi zilizokuwa spishi kamili zikashushwa kuwa nususpishi za ionantha. Mwaka 2015 hata jenasi yenyewe ilifutwa, ikaingizwa ndani ya Streptocarpus, ingawa tunda la wengi katika kundi hilo limejisokota na la Saintpaulia halikujisokota. Kwa hiyo jina linalokubalika leo ni Streptocarpus ionanthus. Nami naendelea kutumia la zamani kwa kuwa ndilo linalofahamika.

Mtu anaweza kusema: kama spishi ishirini zimegeuka chini ya kumi, basi cha kulinda kimepungua nusu. Hoja hiyo ina sura ya hesabu, lakini hakuna mmea hata mmoja uliokufa au kuzaliwa siku orodha ilipobadilishwa. Ukaribu wa vinasaba unatuambia kwamba koo za Usambara zimeanza kuachana juzi, kwa kipimo cha wakati wa milima. Hautuambii kwamba ni kitu kimoja. Ukoo ulioitwa velutina, wa Usambara Magharibi, una majani yaliyo na rangi ya zambarau kwa chini. Ule ulioitwa grotei, wa maeneo ya Amani, unatambaa kwa shina refu. Tofauti hizo zinarithiwa, na ndizo mali ghafi ya spishi za kesho. Hatari iko kwenye utaratibu wa ofisini: orodha za mimea iliyo hatarini hupenda spishi, na ukoo ulioshushwa daraja huweza kuchanganywa na ndugu zake walio salama, hata kama una jabali moja tu duniani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni lile la vyungu. Mmea unaozalishwa kwa mamilioni, ambao jani lake moja likichomekwa kwenye udongo hutoa mche, utatowekaje? Jibu liko katika historia ya biashara yenyewe. Mbegu za mwanzo zilitoka sehemu chache, karibu na Tanga na Usambara Mashariki. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza na kuchagua miche kumi, na aina nyingi za madukani zinarudi kwenye ukoo huo mwembamba. Maua meupe, ya waridi na yenye petali nyingi yamekuja kwa mabadiliko yaliyotokea vyunguni na kwa uchaguzi wa wakulima. Hivyo vyungu milioni vinaweza kuwa nakala za vitu vichache, huku teitensis ya kilima cha Mbololo huko Taita, yenye majani ya kung'aa, ikiwa haina mahali pengine pa asili. Bustani za mimea zinasaidia, sikatai, na ni akiba ya lazima. Ila zinahifadhi mmea bila nyuki wake.

Linabaki swali la watu wanaoishi chini ya milima hiyo, ambao wanahitaji mashamba, mbao na mawe, na ambao saintpaulia haijawahi kuwalipa hata senti. Ni swali la haki, na jibu la kuzungushia milima yote uzio halitoshi wala halitekelezeki. Hapa ndipo kuhesabu majabali kunaposaidia, kwa sababu jabali ni dogo. Sehemu ya Usambara Mashariki tayari imo katika Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Kinachokosa ulinzi mara nyingi ni genge la kando ya shamba, korongo la kijiji, mwamba wa chokaa wa Kilifi unaotamaniwa na wachimba mawe. Kwa maeneo hayo kinachohitajika ni daftari la kijiji au wilaya linaloonyesha kila genge lenye mmea, idadi ya miche na hali ya miti iliyo juu yake, likirudiwa kila baada ya miaka michache. Ekari chache za miti inayotunza kivuli na kijito, ambazo wanakijiji wenyewe wanazihitaji kwa maji, zinaweza kutosha kwa ukoo mzima. Na mwanabotania akibadilisha jina tena mwaka ujao, daftari hilo halitahitaji kufutwa hata mstari mmoja.