Mrudo wa Silaha na Wepesi wa Kipanya katika Michezo ya Ufyatuaji ya Mtandaoni: Maelezo kwa Kurejelea Wachezaji wa Jiji la Arusha

1.0 Utangulizi

Kijana wa Arusha aliyehitimu kidato cha sita na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, huenda ameifahamu bunduki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mafunzo ya kulenga shabaha katika kambi kama ya Oljoro, nje ya jiji. Njia ya pili ni skrini ya kompyuta, sebuleni Sakina au katika bweni la chuo huko Njiro na Tengeru. Silaha yenyewe inaweza kuwa ya ukoo mmoja: ile ambayo magazeti ya Tanzania huiita SMG ni ya jamii ya AK-47, na AK-47 ni miongoni mwa silaha zinazojulikana zaidi katika Counter-Strike, mchezo ulioanza mwaka 1999 na ambao toleo lake la Counter-Strike 2 lilitoka mwaka 2023.

Wachezaji hawa si wengi. Vibanda vya michezo vya mitaani huchezesha zaidi mpira wa PlayStation, na ufyatuaji huchezwa zaidi kwenye simu. Hata hivyo, wale wachache wanaotumia kompyuta wana lalamiko moja linalorudiwa mno: risasi zinapotawanyika, lawama huelekezwa kwa mtandao. Makala haya yanaeleza kwa nini lawama hiyo, kwa sehemu kubwa, haina msingi. Mrudo hutokea ndani ya kompyuta ya mchezaji mwenyewe, na dawa yake ipo juu ya meza, katika urefu wa njia ambayo mkono husafiri.

2.0 Mrudo wa bunduki na mrudo wa skrini

Neno mrudo linatumika hapa kwa maana ya msukumo unaoirudisha silaha nyuma inapofyatuliwa. Katika bunduki halisi chanzo chake ni kanuni ya tatu ya Newton. Risasi ya AK-47 ina uzito wa takribani gramu 8 na hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Bunduki yenye risasi zake ina uzito wa zaidi ya kilo 4, hivyo kama ingeachwa huru ingerudi nyuma kwa kasi ya zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Bega huizuia. Kwa kuwa mtutu upo juu kuliko sehemu ya kitako inayogusa bega, nguvu hiyo huiinua pia ncha ya mtutu. Mwanafunzi wa shabaha hulipata somo hili mwilini kabla ya kulielewa kwa maneno.

Kwenye skrini hakuna nguvu yoyote. Kipanya hakisukumi kiganja. Mrudo ni namba tu: kwa kila risasi, programu huongeza nyuzi kadhaa kwenye mwelekeo wa mtutu, kwanza kwenda juu, kisha kuyumba pembeni. Katika Counter-Strike njia hiyo imepangwa kwa kila silaha na hujirudia, ingawa juu yake huongezwa mtawanyo mdogo wa kubahatisha. AK-47 ya mchezo huo hubeba risasi 30 na hutoa 10 kwa sekunde, kwa hiyo njia nzima humalizika ndani ya sekunde 3. Anachojifunza mchezaji ni kuivuta njia hiyo kinyume: mtutu ukipanda, mkono unashuka.

Hapa ndipo askari hodari anaposhindwa na mwanafunzi asiyewahi kushika bunduki. Bega lake linasubiri teke lisilokuja.

3.0 Wepesi wa kipanya ni urefu

Wepesi wa kipanya ni kiasi ambacho mtazamo wa mchezaji hugeuka kwa kila mwendo wa mkono. Wachezaji huutaja kwa namba iliyo kwenye mipangilio ya mchezo: “mimi natumia 1”, “mimi 2.5”. Namba hiyo peke yake haina maana. Kipanya nacho kina kipimo chake, yaani idadi ya hesabu kinazotuma kwa kila inchi kinayosogezwa, na vipanya hutofautiana: kimoja 800, kingine 1000, kingine 1600.

Counter-Strike hugeuza mtazamo nyuzi 0.022 kwa kila hesabu moja, ikizidishwa kwa namba ya mipangilio. Kwa namba 1, mzunguko kamili wa nyuzi 360 unahitaji hesabu 16,364 hivi. Kwa kipanya cha 800, hiyo ni safari ya sentimeta 52 juu ya meza. Kwa kipanya cha 1000 ni sentimeta 41.6, na kwa cha 1600 ni 26 tu. Namba ya mipangilio ni ileile 1 katika hali zote tatu, lakini mkono umepewa kazi tatu tofauti.

Tuchukulie kwamba mtutu umepanda nyuzi 9. Mchezaji wa sentimeta 52 anapaswa kushusha mkono sentimeta 1.3, na yule wa 26 milimita 6.5. Hakuna anayeushusha mkono bila kosa. Kosa la milimita 1 kwa mchezaji wa kwanza ni nyuzi 0.7 hivi, ambazo kwenye shabaha iliyo mita 20 humaanisha kupotoka sentimeta 24. Kwa mchezaji wa pili kosa lilelile hupotosha risasi sentimeta 48, na kichwa cha adui hakina upana huo. Wepesi mkubwa una faida yake, kwani humwezesha mtu kugeuka haraka anaposhambuliwa kwa nyuma, na meza finyu ya bwenini mara nyingi hairuhusu sentimeta 52. Lakini gharama yake hulipwa katika mrudo.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa asiye na kompyuta yake. Anayecheza leo kwa rafiki na kesho kwa kukodi kwa saa hukutana na kipanya kingine kila mara, na kila mara huanza upya kuufundisha mkono kwa fedha yake. Ni kama dereva wa bodaboda anayeazima pikipiki ambayo breki yake hushika mapema kuliko aliyoizoea. Pengine Windows nayo imeachwa na mpangilio unaorefusha mwendo wa kishale kadiri mkono unavyoongeza kasi. Michezo isiyosoma kipanya moja kwa moja huathiriwa na mpangilio huo, na hapo urefu haupimiki tena. Unapaswa kuzimwa kwanza.

4.0 Sehemu ya mtandao

Mtandao hauna budi kutendewa haki. Wachezaji wa Tanzania wanaotafuta seva ya Counter-Strike barani Afrika huelekezwa Johannesburg, umbali wa takribani kilometa 2,700 kutoka Arusha kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 27 hata kwa fundi bora duniani, na nyaya halisi hazinyooki. Kebo za baharini SEACOM na EASSy, zilizoanza kutumika mwaka 2009 na 2010, zilikatika kwa pamoja Mei 2024, na mchezo wa mtandaoni ukawa mgumu kabisa.

Ucheleweshaji huo humfanya mchezaji amwone adui akiwa amechelewa, na humnyima risasi aliyoamini imelenga. Lakini mtutu unaopanda kwenye skrini yake haungoji jibu kutoka Johannesburg. Kompyuta yake huukokotoa papo hapo, kama inavyokokotoa mwendo wa kipanya. Ithibati ni rahisi: akate mtandao, afungue uwanja wa mazoezi, afyatue risasi 30 ukutani. Zikitawanyika vilevile, mtandao hauna hatia. Mshukiwa wa pili ni kompyuta dhaifu: inayotoa fremu 30 kwa sekunde huonesha picha mpya kila milisekunde 33, na jicho huuarifu mkono kwa kuchelewa.

5.0 Upimaji

Kifaa kinachohitajika ni rula ya shuleni. Mchezaji asimame mbele ya alama ukutani ndani ya mchezo, asogeze kipanya kwa mstari hadi arudi kwenye alama hiyohiyo, kisha apime safari ya mkono. Sentimeta hizo ndizo aandike kwenye karatasi. Akikuta kipanya kigeni, abadilishe namba ya mipangilio hadi urefu urudi: aliyezoea namba 1 kwenye kipanya cha 800 ataweka 0.8 kwenye cha 1000.

Urefu huo huhamishika hata kwenda mchezo mwingine. Valorant, uliotoka mwaka 2020, hugeuza nyuzi 0.07 kwa kila hesabu, hivyo namba 1 ya Counter-Strike huko ni 0.314, na sentimeta hubaki 52. Njia ya mrudo ndiyo isiyohamishika: kila silaha ya mchezo mpya ina njia yake, nayo hujifunzwa ukutani, risasi kwa risasi.